Uchambuzi wa kisa: Bibi fundi sweta na wajukuu watatu, Dodoma

Kisa hiki nakileta kwa ajili ya kina mama (na kina baba wapo, msijifiche) wanaofuma nyumbani huku wanalea wajukuu. Muhusika ni fundi sweta wa hapa Dodoma, amevuka sitini kidogo, humu nitamwita Bibi tu. Mtaa nimeuficha, shule nimeificha, kazi za watoto wake nimezigeuza kidogo, ila pesa na mtiririko wa mambo nimeacha vilivyo maana ndo vyenye kufundisha. Mimi nawasaidia kikundi chao cha mafundi daftari la mahesabu, kwaiyo namba nimeziona kwa macho, mengine kanisimulia mwenyewe na binti yake, na kuna sehemu hao wawili hawakubaliani, nitasema nikifika hapo.

Hali ilivyokuwa kabla

Watu wa Dar wakisikia Dodoma wanawaza jua na vumbi, hawajui kwamba mwezi wa sita mpaka wa nane huku asubuhi upepo unakata masikio na mtoto haendi shule bila sweta. Kwaiyo fundi sweta hapa ana misimu miwili inayoeleweka: shule zinapofunguliwa mwezi wa kwanza, mzazi ananunua sare yote kwa mkupuo, na baridi ya katikati ya mwaka. Alafu tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku 2016 mji umejaa familia changa, na familia changa zina vichanga, vichanga wanataka kofia, soksi, kisweta na shali. Bibi alikuwa na wateja pande zote mbili, wa shule na wa vichanga.

Vifaa vyake: mashine moja ya kufumia ile ya kusukuma kwa mkono kulia na kushoto, haitaki umeme, sindano za mkono za saizi tofauti, na kroshia. Sweta ya shule anaitoa kwenye mashine vipande vipande, mgongo, kifua, mikono miwili, alafu anakaa chini anaunganisha kwa sindano, anamalizia shingo na kuficha ncha za uzi. Siku iliyotulia mashine inampa vipande vya sweta tatu, kuunganisha anamalizia jioni au kesho yake. Vitu vya watoto wachanga anafuma kwa mkono mwanzo mwisho.

Nyumbani alikuwa na mjukuu mmoja, wa miaka saba, mtoto wa kijana wake ambaye ni dereva wa malori, mtu wa njiani siku zote. Huyo mtoto asubuhi yuko shule, akirudi anakula, anacheza nje na wenzie, hasumbui. Binti yake Bibi anakaa mtaa wa pili na mume na watoto, ameajiriwa kampuni binafsi upande wa Mtumba, kama kilomita 17 toka katikati ya mji, kwaiyo saa kumi na mbili asubuhi yuko kituoni anasubiri daladala.

Na kuna shamba. Dodoma mvua ni kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne hivi, na ikianza haikusubiri, unapanda uwele na karanga zako wiki hiyohiyo au unakosa mwaka. Hili la shamba naomba mlishike, litakuja kutuumiza mbele.

Mambo yalivyokwenda

Binti alijifungua mtoto wa pili mwezi wa sita. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, mwezi wa tisa zikaisha. Jumatatu ya kwanza ya kurudi kazini alimletea mama yake watoto wote wawili, kichanga wa miezi mitatu na kaka yake wa miaka mitatu, na begi la nepi na chupa ya maziwa aliyokamua, akasema mama nakuachia, nitawapitia jioni. Basi. Hakukuwa na mazungumzo mengine. Nilimuuliza binti kwanini hamkukaa mkaongea, akanijibu kwa mshangao wa kweli, "si ni bibi yao, na yupo nyumbani tu". Bibi naye hakusema kitu maana kwa mila aliyokulia, mtoto wa binti yako akiletwa kwako unapokea, unashukuru.

Wiki za mwanzo alimudu, maana kichanga cha miezi mitatu kinalala sana. Alikuwa anambeba mgongoni kwa kanga na anasukuma mashine hivyohivyo. Ilikuja kumkata mgongo, maana ile mashine unaisukuma kwa mabega na kiuno, sio vidole, ukiongeza mtoto anayekua kila wiki unajibebesha gunia huku unalima. Mwezi wa kumi akaacha kumbeba akiwa mashineni. Hapo spidi ikaanza kushuka.

Mwezi wa kumi huohuo ndo ikaja oda kubwa. Shule moja binafsi, ndogo, wakataka sweta 60 za bluu iliyoiva, zile za darasa la awali ziwe na vifungo mbele, za wakubwa shingo ya V, bei elfu kumi na nane moja, ziwe tayari siku ya kufungua shule mwezi wa kwanza. Wakatoa nusu, 540,000. Bibi akapiga hesabu ya siku zilizobaki kwa spidi yake ya zamani, ile ya vipande vya sweta tatu kwa siku, akaona anamaliza kabla ya Krismasi na muda unabaki. Akakubali.

Sasa angalieni kitu kilichotokea kwenye uzi. Fundi mzoefu anajua uzi wa oda moja unanunua mara moja, wote wa mzigo mmoja, kwa sababu kiwandani kila mzigo unapopakwa rangi hautoki sawasawa na mwingine hata kama namba ya rangi ni ileile, dukani huoni ila ukishafuma ukaweka mwili na mkono pamoja juani, unaona. Bibi analijua hilo kuliko mimi. Lakini kwenda soko la Majengo kuchagua uzi wa sweta 60, kupanga bei, kufungasha, kupata bajaji, ni kazi ya nusu siku, na nusu siku hiyo na watoto wawili inakuwaje? Kwaiyo akawa anamtuma kijana wa bodaboda, leo kilo mbili, wiki ijayo kilo tatu, analeta alichokikuta. Uzi ukaja wa mizigo minne tofauti. Yeye anasema aliona tofauti ndogo akajiambia itazama, watoto hawaangalii.

Mwezi wa kumi na mbili shule zikafunga. Yule mkubwa akawa nyumbani siku nzima. Kichanga kikawa na miezi sita, kinaanza uji, kinatambaa kinyumenyume, hakilali tena mchana kama zamani. Wa miaka mitatu akagundua kwamba ukivuta uzi unaotoka kwenye koni, mashine inatoa mlio na bibi anakuja mbio, mchezo mtamu kuliko yote. Na mvua ikanyesha. Kwaiyo kwa wiki mbili Bibi alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anaenda shamba na mjukuu mkubwa kupanda, anarudi saa moja kukabidhiwa wale wawili, anashinda nao, na sweta anafuma usiku baada ya saa tatu wakishachukuliwa.

Aliyewahi kufuma uzi wa bluu iliyoiva usiku chini ya taa ya ukutani anajua ninachosema. Huoni kitanzi kilichochomoka. Unakuja kukiona asubuhi kimeshateremka mistari ishirini, unafumua. Daftari lake la mwezi ule lina kitu ambacho sijawahi kukiona kabla, siku ambazo idadi ya vipande imepungua badala ya kuongezeka, kwa sababu alifumua vingi kuliko alivyofuma.

Kilichosimamisha kila kitu ni kifungo. Siku chache kabla ya Krismasi alikuwa anashonea vifungo mchana, amekaa mkekani na watoto wote, simu ikaita, akainuka kuipokea mlangoni, aliporudi kichanga kinatafuna. Akamwinamisha, akaingiza kidole, kifungo kikatoka. Mtoto hakupata shida yoyote. Ila Bibi siku ile alifunika mashine na shuka na hakuigusa mpaka mwaka mpya, na binti hakujua kwanini, alidhani mama yake anaumwa.

Siku ya kukabidhi

Alipeleka sweta 38. Shule ikakataa saba kwa sababu mikono ilikuwa na rangi yake na kifua rangi yake, juani kwenye uwanja wa shule ilionekana vizuri kabisa. Zikapokelewa 31, ambazo kwa bei ya elfu kumi na nane ni 558,000. Walishatoa 540,000. Kwaiyo kwa miezi mitatu ya kazi Bibi alipewa mkononi siku ile elfu kumi na nane, bei ya sweta moja, na oda ya zilizobaki ikaenda kwa fundi mwingine. Na ile advansi ilishaisha kwenye uzi, vifungo na matumizi ya nyumbani, kikiwemo chakula cha mchana cha watu wanne ambacho hakuna aliyekihesabu.

Hapa ndo mimi nilipoingia, maana alikuja kwenye kikundi akisema anataka kuuza mashine.

Maamuzi na sababu zake

Kikundini ushauri ulikuja wa aina mbili, na yote miwili aliikataa. Kuna waliosema rudisha watoto, mwambie binti atafute dada wa kazi. Bibi akasema hapana, na sio kwa ajili ya mila peke yake, anawapenda wale watoto na hakutaka kichanga cha miezi saba kilelewe na mtu asiyemjua. Wengine wakasema punguza kazi, umri umeenda, fuma soksi mbili tatu ujifurahishe. Hilo ndo lilimuudhi zaidi. Mashine ndo inalipa ada za yule mkubwa pale baba yake anapochelewa kutuma, sio starehe.

Tulichofanya ni kuacha kabisa kuongea habari ya masaa. Kila mtu alikuwa anasema "muda hautoshi", ila tulipoandika siku yake moja moja tukakuta anayo masaa, tena sio machache, tatizo yamekatikakatika, dakika kumi hapa, ishirini pale, na yeye alikuwa anajaribu kuingiza humo kazi ambayo haikubali kukatwa. Mashine haikubali. Ukiiacha katikati ya mstari, ukirudi mkono wako umebadilika, unakaza zaidi au unalegeza, na ule mstari unaonekana kwenye kipande kizima. Hivyohivyo kuhesabu vitanzi vya kupunguzia bega au shingo, ukiitwa ukiwa kwenye 47 unaanza upya. Lakini kufuma soksi ya mtoto mzunguko kwa mzunguko, kuunganisha ubavu wa sweta, kuficha ncha, kufuma ukingo ulionyooka usio na hesabu, hizo unaziweka chini mtoto akilia na unaziokota palepale ulipoishia.

Kwaiyo akagawa kazi zake kwa kigezo hicho. Mchana na watoto ni zile zinazokubali kukatika tu. Mashine na hesabu zote zinasubiri muda ambao hakuna mtoto kabisa. Na vifungo, mkasi, sindano za kushonea vifungo na pasi vikawa kundi la tatu, haviguswi mtoto yeyote akiwepo hata kama amelala, vinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko juu ya kabati. Sheria aliyojiwekea mwenyewe ni kwamba simu ikiita, kilichopo mkononi kinaingia kwenye kapu kwanza, alafu ndo anainuka.

Sasa huo muda usio na mtoto utatoka wapi? Hapo ilibidi familia iongee, na hapo ndo pagumu. Bibi hawezi kukaa na mkwe wake kuongea habari za pesa na zamu za watoto, kwa heshima ya mkwe na mama mkwe haikai. Na binti akiongea naye peke yake anaona analaumiwa. Tukampata dada yake Bibi, mama mkubwa wa binti, mwanamke wa maneno machache anayesikilizwa na pande zote. Yeye ndo aliitisha kikao Jumapili mchana na alikuja na daftari la sweta, hakuja na malalamiko. Akawasomea: mwezi wa tisa vipande kadhaa, mwezi wa kumi kadhaa, wa kumi na mbili hivi. Alafu akaeleza habari ya kifungo. Binti ndo alikuwa anaisikia mara ya kwanza, akalia. Mkwe alikaa kimya muda mrefu alafu akauliza swali moja la maana kuliko yote, mama anahitaji siku gani?

Yalitoka makubaliano matatu. La kwanza, wa miaka mitatu aende dei kea ya karibu asubuhi mpaka saa saba, na hela watoe wazazi wake. La pili, mkwe abaki na watoto wote Jumamosi asubuhi, kwake, sio kwa Bibi (hili la "kwake" mama mkubwa alilikazia, maana baba anayelea watoto kwenye nyumba ya bibi yao kila dakika anaita bibi). La tatu lilitoka kwa binti mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha nafasi ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Kwa mtu ambaye mtoto wake yuko kilomita 17, kwenda na kurudi mchana hakuna maana. Akaomba masaa hayo yakusanywe mwisho wa siku, atoke mapema. Mwajiri alisumbua kidogo, akakubali kwa maandishi. Matokeo yake saa kumi kasoro binti yuko mlangoni anachukua watoto, na Bibi anabaki na zaidi ya masaa mawili ya mwanga wa jua kabla giza halijaingia, kila siku ya kazi.

Upande wa biashara aliamua vitu viwili. Haendi tena na hesabu ya spidi ya zamani, anachukua oda kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita kwenye daftari. Na sweta za shule haanzi kusubiri oda, anaanza kutoa vipande vya bluu mwezi wa saba, saizi tatu zinazoenda sana, anavifunga kwenye mifuko ya plastiki (vumbi letu mnalijua), oda ikija anaunganisha tu. Kufanya hivyo unahitaji hela ya uzi wote kwa mara moja, ambayo hakuwa nayo. Akakopa kwenye kikoba chetu, akaenda Majengo Jumamosi asubuhi bila mtoto hata mmoja, akakagua koni moja moja juani, akabeba mzigo mmoja.

Matokeo

Msimu wa shule uliofuata alichukua sweta 40 na kusimama hapo, ingawa kuna mzazi alibembeleza sana. Zote 40 zilitoka rangi moja. Sita zilichelewa kama wiki hivi, kwa sababu mvua ilianza mapema akapotea shambani siku kadhaa. Hakuna iliyorudishwa. Mkopo wa kikoba aliumaliza kabla ya mwezi wa tatu.

Seti za vichanga ziliongezeka, na hili sikulitegemea. Kwa kuwa mchana kutwa mkono wake uko kwenye kofia na soksi, anatoa nyingi kuliko zamani alipokuwa anazifanya za kujazia muda. Seti moja anauza elfu ishirini na tano na wateja wengi ni wafanyakazi wenzie na binti, wanamwona mtoto wa binti kavaa wanauliza. Kwa hesabu za daftari, mwaka huo kwa mara ya kwanza vitu vya mkono vilikaribia kabisa kuingiza sawa na mashine.

Mgongo bado unamuuma. Usiku hafumi tena.

Kilichofanya kazi na kwanini

Kwangu mimi jambo kubwa ni ule mgawanyo wa kazi kwa kuangalia ipi inakubali kukatwa. Unaonekana mdogo ila uliondoa ugomvi wa kila siku. Kabla, mtoto akilia katikati ya mstari wa mashine Bibi alikuwa anakasirika, alafu anajisikia vibaya kwa kukasirikia mtoto, alafu anakosea hesabu. Sasa mtoto akilia anaweka soksi chini. Watoto ni walewale na kelele ni zilezile.

Dei kea ilisaidia, lakini sio kwa namna mnayodhani. Asubuhi bado alikuwa na kichanga, kwaiyo hakupata muda wa mashine hapo. Alichopata ni kuondoa yule anayevuta uzi wakati kichanga kiko macho. Mtu mzima mmoja na mtoto mmoja anaweza kushona ubavu wa sweta. Mtu mmoja na wawili wa umri tofauti, mmoja anatambaa mmoja anakimbia, hawezi kitu, na mzazi anayesema "ni wawili tu" hajawahi kujaribu kufanya kazi nyingine nao hapo.

Kumtumia mama mkubwa nako kulikuwa uamuzi wa busara sana. Maneno yaleyale angeyasema Bibi yangesikika kama kusimanga. Akisema mtu wa pembeni mwenye heshima, tena ameshika daftari, inakuwa taarifa. Hapa ndo binti na mama yake hawakubaliani mpaka leo: binti anasema mama angemwambia tu mapema, asingekataa. Bibi anasema hakuna aliyemuuliza. Mimi nikiangalia ile Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa naona Bibi ana haki zaidi, maana anayeleta mzigo ndo anatakiwa kuuliza kama pana nafasi, sio anayepokea kutangaza kwamba amejaa. Ila naelewa pia kwamba binti alikuwa na kichanga cha miezi mitatu na anagombania kazi yake isiende, hakuwa na akili ya kukaa kikao.

Kilichofeli

Jaribio la msaidizi. Mwezi wa pili walimpata binti wa jirani, aliyemaliza kidato cha nne na matokeo yashatoka, akawa anakuja asubuhi kwa ujira kidogo. Alikuwa mzuri, watoto walimpenda. Mwezi wa saba akaenda kidato cha tano, ambacho kila mtu alijua kitatokea tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyepanga mbadala. Bibi alirudi wiki tatu nzima kwenye hali ya zamani, tena ndo msimu wa baridi. Ukimchukua msaidizi ambaye tarehe yake ya kuondoka inajulikana, iandike kwenye kalenda na anza kutafuta mwingine mwezi mmoja kabla.

Kugawa kazi ya mashine kwa mwenzie. Alijaribu kumpa fundi mwingine wa kikundi atoe vipande, yeye aunganishe. Kila fundi ana mkono wake na kila mashine ina kukaza kwake, vipande vya saizi moja vikatoka vimepishana urefu, kifua hakikai na mgongo. Ingewezekana kama wangefuma kipande cha majaribio kwanza na kupima vitanzi vingapi vinaingia kwenye sentimita kumi, kila mmoja arekebishe mashine yake mpaka walingane. Hawakufanya, walilinganisha kwa kuangalia tu, wakapoteza uzi.

Katuni kwenye simu. Bando linaisha, mtoto analia mara mbili ya alivyokuwa analia mwanzo. Waliacha wenyewe.

Kumfundisha mkubwa kufuma. Hili lilianza vizuri na mtoto wa miaka saba anaweza kabisa, alijifunza kwa sindano nene na uzi mnene akafuma skafu yake ya kujivunia. Kosa lilikuja pale mtu mmoja wa familia alipoanza kusema huyu sasa amsaidie bibi oda. Mtoto akaanza kukimbia akiona sindano. Bibi akakataza, na mtoto karudi mwenyewe kufuma anapotaka, saivi anafuma kitu ambacho hakuna anayejua ni nini.

Na shamba bado halijapata jibu. Mwezi wa kumi na mbili bado unagonganisha likizo ya shule, kupanda na sweta kwa wakati mmoja, na zile sita zilizochelewa zimetokea hapo. Mama mkubwa alipendekeza walikodishe, Bibi hataki kusikia. Kijana dereva ameahidi atakuwa anachukua likizo wiki ya kupanda. Ameahidi kwa simu, akiwa njiani, na mpaka naandika hapa hajafika nyumbani kuliweka mbele ya kikao.

Linalofuata

Binti ni mjamzito tena, atajifungua mwezi wa nane. Safari hii mama mkubwa ameshaitwa. Mambo yaliyo mezani ni wa miaka mitatu, ambaye sasa ana mitano na anaingia darasa la awali mwezi wa kwanza, kwaiyo asubuhi atakuwa shule, kichanga wa zamani kuchukua nafasi yake dei kea, na kama Bibi apokee kichanga kipya likizo ikiisha mwezi wa kumi na moja au mkwe alete mama yake mzazi toka Singida akae nao mpaka msimu wa sweta upite. Mama yake mkwe amesema yuko tayari. Bibi ameomba jambo moja liandikwe, kwamba chakula cha mchana cha watoto kitoke kwa wazazi wao, debe la mahindi na maharage kila mwezi, na mkwe ameshaleta la kwanza kabla hata hajaambiwa tarehe.